Samaki aliyepiga simu akiwa mita 120 chini

Wale mnaoingia humu kutafuta namna ya kuifufua simu iliyogoma kwenye nembo, leo mtaniwia radhi. Somo la ufundi hakuna. Leo naandika habari ya hadithi niliyokuwa nawasimulia watoto wawili uani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, ikanitoka mikononi mpaka mama wa watu akanifuata kibandani mchana kweupe kuniuliza nimemfanya nini mwanawe.

Nianze na watoto wenyewe. Wa kwanza ni mpwa wangu, binti wa dada yangu, yuko darasa la tano. Kanikataza kuliweka jina lake mtandaoni, basi humu ataitwa Mkaguzi, na anayemjua hataniuliza kwa nini. Msimulie jambo leo, kesho ubadilishe rangi ya kanga tu, atakusimamisha. Mama yake yuko Maskati, anafanya kazi za ndani. Mkataba wa miaka miwili ulipokwisha akaongeza mwingine, kwa sababu nyumba aliyoanza kujenga ilikuwa imefika kwenye linta na pesa zimekauka. Wa pili ni mtoto wa chumba cha pili, wanasoma darasa moja. Huyu nitamwita Jirani. Baba yake alikuwa mvuvi wa Sahare. Mwaka juzi, mwezi wa saba, kusi limechachamaa, alitoka usiku na mwenzake kwenda kutega mishipi. Siku ya tatu ngalawa ikaonekana imepinduka, tanga limejisokota kwenye mlingoti. Watu hawakuonekana mpaka leo.

Mama Jirani kanipa ruhusa ya kuandika haya. Sharti lake nitalitaja mbele.

Kisa kilianza umeme ulipokatika. Nyumba yetu ni ya vyumba sita, ukumbi katikati, ua nyuma wenye karo la kufulia na mpapai mmoja unaozaa unapotaka. Umeme ukienda, kila mtu hutoka na mkeka wake. Usiku huo Mkaguzi alikuwa analalamika kwamba vitabu vimemwishia. Vile vyembamba vya Sungura na Fisi alivimaliza tangu darasa la pili, na riwaya zangu za kabatini akifungua anakuta watu wazima wanagombania nyumba ndogo na urithi wa shamba. Katikati hapo, kwa mtoto wa miaka kumi anayetaka kutishwa kidogo, asafiri mbali, arudi kabla ya kulala, hamna kitu cha maana nilichoweza kumpa. Nikasema haya, sogeeni niwatungie.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!"

"Hapo zamani za kale..."

"Mjomba, zamani za kale hakukuwa na simu," akasema Mkaguzi. "Na wewe fundi simu. Weka simu."

Nikaona ana hoja. Nikaanza upya: "Hapo mwaka jana, kabla ya Ramadhani..."

Sasa simu gani? Kibandani kwangu kuna droo naiita makaburini. Ndimo zinamokaa simu ambazo wenyewe hawakurudi kuzichukua: vitochi vya zamani visivyo na mgongo, simu za kugusa zenye kioo kilichopasuka kama mguu wa kunguru, moja hata sijui ni ya nani wala imeingiaje. Huwa sizitupi. Zipo zinazonipa vipuri, na zipo ambazo nashindwa tu kuzitupa.

Niwape mfano. Kuna baba mmoja alikuja na simu iliyotumbukia kisimani. Kaiweka kwenye mchele siku nne, kama mnavyofanya wote, na nimeshaandika humu mara ngapi kwamba mchele hauvuti maji yaliyojificha ndani ya bodi, unachoongeza ni vumbi. Nikaifungua. Kutu ya kijani imeota kwenye soketi ya chaji kama kuvu juu ya mkate. Nikasugua kwa mswaki na spiriti, nikapuliza hoti eya kwa mbali, nikaunga njia mbili zilizokatika kwa waya mwembamba kama unywele. Siku nzima ikaishia hapo. Ilipotetemeka mkononi mwangu nikamwuliza nimtolee picha kwanza au namba. Akasema hataki picha wala namba, kuna meseji ya sauti ya marehemu mama yake. Tukaitafuta, nikaifungua. Sekunde 11. "Ukirudi pitia chumvi, ya kwetu imekwisha. Na usichelewe." Akaisikiliza mara tatu, akanishukuru, akaenda zake kwa miguu, baiskeli kaisahau nje ya kibanda. Akairudia magharibi.

Basi kwenye hadithi yangu msichana Chiku anafungua droo la mjomba wake na kukuta kitochi kinaita. Hakina laini. Hakina betri, pale nyuma unaona chuma kitupu. Kinaita. Na kwenye kioo, mahali pa namba ya mpigaji, pameandikwa *mita 120*. Chiku akipokea anasikia maji, halafu sauti nzito ya mwanamke, taratibu sana, kama mtu anayeongea na mdomo umejaa ugali: "Njoo na rafiki yako. Peke yako hutapita."

Hapo Jirani, ambaye muda wote alikuwa amejilaza kifudifudi anachora kwenye mchanga, akainua kichwa. "Rafiki yake ndiye mimi?" Nikamwambia ndiye. Akataka aitwe Nahodha. Haya, Nahodha.

Usiku wa pili niliwapeleka Amboni. Mtu wa Tanga hawezi kutunga hadithi ya ajabu akayaacha mapango ya Amboni, itakuwa dhambi. Ni kama kilomita 8 kutoka mjini, njia ya Horohoro, kwa baiskeli unafika kabla shati halijalowa vizuri. Kila aliyesoma shule hapa amepelekwa. Mwongozaji anatangulia na tochi, anamulika mwamba: huyu tembo, huyu mamba, na kweli ukitazama kwa kupendelea unamwona. Pana mahali unapita kwa kujikunja mpaka goti linagusa kidevu, popo juu wanapiga kelele, harufu yao inakukaa kwenye nguo mpaka ufue mara mbili. Na pana pale kwenye mzimu, watu wanapokuja kuomba watoto, afya, kesi mahakamani. Utakuta vitambaa vyekundu, chupa za marashi, maganda ya nazi, majivu ya ubani. Mkaguzi alipelekwa na shule mwaka jana, alirudi na swali moja: nani anazoa zile chupa zikijaa?

Bibi, yaani mama yangu, alikuwa anatusikiliza kutoka kwenye kiti chake, akaingilia na ya kwake. Zamani za mkoloni, miaka ya 1950, Osale Otango na mwenzake Paulo Hamisi walijificha mle, askari wakawasaka na wasiwapate. Wapo wanaowaita majambazi na wapo wanaowaita wapigania haki, na Bibi alikuwa mtoto mdogo, anachokumbuka ni watu wazima kunong'ona jina hilo usiku. Halafu akatoa ile ya mbwa, ambayo kila Mtanga anaijua: mbwa aliingia Amboni akapotea, akaja kuibukia Kilimanjaro.

Mbwa huyo nikamchukua palepale. Kwenye hadithi yangu mbwa amerudi, na masikio yake yana barafu isiyoyeyuka. Ndiye anayewaongoza watoto. Ukimshika sikio unapata ganzi mpaka kwenye kiwiko. Jirani alicheka sana usiku huo, na kwa muda mrefu nilikuwa sijamsikia akicheka hivyo. Nikajiona bingwa.

Sheria ya kwanza ya hadithi aliiweka Mkaguzi, usiku wa tatu. Nilikuwa na mpango wangu kichwani, wa kijinga kama mipango yote ya watu wazima: kwamba mwisho wa safari Chiku atamkuta mama yake, wakumbatiane, watu wapige vigelegele. Nikaanza kudokeza dokeza. Mkaguzi akanikata.

"Mama yake asirudi."

"Kwa nini?"

"Akirudi kwenye hadithi, halafu mimi nikiamka asubuhi hayupo, itakuwaje?"

Sikuwa na jibu. Nikasema sawa, hatarudi. Ikawa sheria.

Lazima niseme pia kwamba Mkaguzi alikuwa anazirekodi zile hadithi kwenye simu na kumtumia mama yake. Maskati iko mbele yetu saa moja, kwa hiyo tukimaliza saa tatu na nusu usiku kwao ni saa nne na nusu, na dada yangu husikiliza akiwa amelala, simu chini ya mto. Majibu yake huja kwa kunong'ona. Baada ya usiku wa tatu alituma: "Kaka, hadithi tamu. Ila huyo mama yake Chiku yuko wapi, mbona hatajwi?" Kabla sijajua la kujibu, Mkaguzi akaninyang'anya simu, akabonyeza kile kipaza sauti, akasema, "Yupo kazini," akaachia.

Sasa tuje kwenye kosa langu.

Usiku wa nne ilibidi nimtaje mpigaji simu. Mwenye sauti nzito, wa mita 120 chini, ni nani? Nilishamchagua zamani, na nilikuwa nimejipongeza kwa uchaguzi huo tangu asubuhi nikiwa nauza chaja. Ni silikanti.

Kwa msiokaa pwani hii: silikanti ni samaki mkubwa wa buluu mwenye madoa meupe, anaweza kukaribia urefu wa mita 2, mapezi yake manene kama vikono na anayapeleka moja moja, kushoto kulia, kama anatembea ndani ya maji. Mchana anakaa kwenye mapango ya chini kabisa, kwenye giza. Wataalamu walikuwa wanamjua kwa alama zake kwenye mawe tu, wakaandika vitabuni kwamba kizazi chake kilikwisha zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, wakati mmoja na wale mijusi wakubwa. Kisha Desemba 1938, kule East London, Afrika Kusini, binti wa makumbusho aitwaye Marjorie Courtenay-Latimer akaitwa bandarini kuangalia samaki wa meli ya uvuvi, akaona pezi la buluu limechomoza chini ya rundo. Akamtoa. Dereva wa teksi akakataa kwanza kumbeba, ananuka. Wa pili akapatikana 1952, kwa mvuvi wa Komoro, baada ya profesa J.L.B. Smith kusambaza vipeperushi vyenye zawadi ya pauni 100. Na hapo ndipo penye kichekesho, maana Wakomoro walikuwa wanamjua siku zote, wana hata jina lake, gombessa, na wanajua nyama yake hailiki, ina mafuta yanayokupeleka chooni usiku kucha. Hakuna aliyekuwa amewauliza.

Kwetu ameanza kuonekana kwenye nyavu tangu 2003, na hapa Tanga wavuvi wa Kigombe wamemtoa mara nyingi kwenye majarife ya papa, mpaka 2009 ikatangazwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Yote haya nikawamwagia watoto, kwa mbwembwe, mikono juu. Nikawaambia huzaa watoto kamili badala ya kutaga, na kwamba utafiti uliotoka 2021 umeonyesha anaweza kuishi kama miaka 100 na mimba yake huchukua yapata miaka 5. "Mitano?" akasema Mkaguzi, na nikamwona anahesabu vidole, mkataba wa kwanza, wa pili, kikabaki kidole gumba. "Basi huyo anajua kubeba."

Halafu nikafika kwenye kilele changu. Nikashusha sauti. Nikasema, "Dunia nzima ilisema amekufa. Vitabu vyote vimesema. Kumbe yupo, chini huko, anatembea."

Nilitegemea wapige makofi. Jirani alikuwa ameketi wima. Mwanga wa taa ya kuchaji ulimpiga upande mmoja wa uso, na nikaona nilichofanya kabla hajafungua mdomo.

"Kwa hiyo," akasema, "hata mtu?"

Nikajibu hovyo. Nikasema kitu kuhusu samaki na mtu kuwa tofauti, nikakohoa, nikasema tulale, kesho shule.

Siku mbili baadaye mama yake akaja kibandani. Hakusalimu. Nilikuwa nimeshika koleo dogo na kioo cha mteja, nikaviweka chini.

"Fundi, umemwambia nini mwanangu?"

Nikaanza kueleza habari za silikanti. Akanisikiliza mpaka mwisho, nikazidi kuona aibu kadiri nilivyoeleza.

"Jana kaniuliza nauli ya Komoro," akasema. "Ana shilingi elfu tatu na mia mbili. Kaniuliza kama zinatosha kwenda tu, kurudi watarudi na baba yake." Akashika ukingo wa meza yangu. "Sisi tulimswalia ghaibu. Hitima tukasoma. Mimi nikakaa eda, miezi minne na siku kumi, nikatoka. Mtoto hakukaa popote. Juzi uani kwenu ndo ameanza."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia hadithi nimeikomesha. Akasema, "Ukiikomesha sasa ndo utakuwa umeharibu kabisa," akaondoka, na yule mteja wa kioo aliyekuwa amesimama pembeni akajifanya anasoma bei za kava.

Usiku huo sikutoka uani. Wa pili pia. Nilikaa ndani nikijiambia nina kazi. Watu wanadhani kutunga hadithi ya watoto ni mchezo, majini mawili, fimbo moja, mwisho wakaishi raha mustarehe. Nililala kitandani nikizigeuza njia zote nilizokuwa nazo. Nikimfanya silikanti awape watoto pete ya kumrudishia mtu, nimemdanganya Jirani. Nikimfanya aseme baba wa Nahodha amekufa, nani kaniteua mimi kumwambia mtoto wa watu habari hiyo kwa mdomo wa samaki? Nikimwondoa baba kabisa, mtoto ataona kwamba nimemkwepa. Watoto wanaona, hilo lisikudanganye.

Usiku wa tatu walikuja wenyewe. Mkaguzi kasimama mlangoni, mkono kiunoni, Jirani nyuma yake na mkeka.

"Mjomba, mbwa amesimama pangoni siku tatu. Atapata baridi."

Tukatoka. Sikujua nitasema nini, nikaanza popote. Chiku na Nahodha wako kwenye ile njia ya kujikunja, mbwa mbele, maji yanaanza kusikika. Nikawauliza, wamebeba nini? Ni swali la kuvuta muda tu. Mkaguzi akasema mikate ya kumimina na chupa ya maji. Jirani akanyamaza kidogo.

"Nahodha abebe betri," akasema.

"Za nini?"

"Za tochi."

"Tochi gani?"

Alikuwa anachora tena mchangani, hakuniangalia. "Ya baba yake. Nahodha aliichezea usiku, chini ya shuka. Alikuwa anafanya kivuli cha mbwa ukutani. Asubuhi ikawa haina moto na hakusema. Baba yake akaondoka nayo."

Nimekaa na Mkaguzi tangu ana miaka sita, na hakuna neno linalopita mbele yake bila kuulizwa. Safari hii aliuliza moja tu.

"Ngapi?"

"Mbili. Zile kubwa."

"Haya," akasema Mkaguzi. "Mjomba, endelea. Wana betri mbili kubwa."

Nikaendelea. Sijui nilisema nini. Nakumbuka nilikuwa naitazama ile taa ya kuchaji nisije nikamtazama mtoto.

Alfajiri nilimfuata mama yake. Huwa anapika vitumbua pale barazani kabla watu hawajaenda kazini, ana kikaango chenye mashimo saba na kijiti cha kugeuzia. Nikachuchumaa, nikamwambia yote, kama yalivyo. Kijiti kikasimama hewani.

"Tochi?" akasema. "Tochi ipi?"

Akainuka, akaingia ndani, nikasikia boksi linaburutwa chini ya kitanda. Akatoka na tochi ya plastiki ya buluu, ndefu, imefungwa mpira wa manati kwenye shingo kwa sababu kifuniko kilikuwa kinaachia.

"Hakuondoka nayo," akasema. "Alisema inamzibia mkono. Walikuwa na taa ya kichwani, ya mwenzake, mpya, alinunuliwa na nduguye." Akaigeuza geuza. "Mwaka na miezi yote hii, tochi ipo chini ya kitanda anacholalia."

Vitumbua saba vikaungua. Akaviondoa kimoja kimoja, akaviweka kwenye sahani kana kwamba vitanunuliwa. Halafu akaniambia nimwangalizie moto, akaingia chumbani kwa mwanawe, mlango ukafungwa. Waliongea nini si langu kuandika, na hilo ndilo sharti nililolitaja mwanzo. Nilipika vitumbua asubuhi ile kwa dakika arobaini. Wateja walilalamika.

Nilidhani baada ya hapo Jirani atasema betri ziondolewe kwenye hadithi, kwa kuwa hazina kazi tena. Hakusema. Alipokuja usiku aliketi mahali pake, tochi ya buluu mapajani, na akataka tuendelee. Nahodha azifikishe, akasema. Alishazibeba mpaka pale. Na silikanti naye, nikaamua, hatatamka neno juu ya baba wa mtu yeyote. Atapokea mzigo. Ana miaka 100, amebeba mazito kuliko hayo, atajua pa kuupeleka.

Tatizo alilianzisha nani? Mkaguzi.

"Mjomba, wewe fundi. Betri zikipita kwenye maji ya chumvi mita 120 zinafika?"

Nikakiri hazifiki. Zitavuja na kuoza njiani.

"Wazifunge kwenye mfuko wa plastiki," akasema Jirani.

"Imekatazwa. Tangu 2019."

"Hata kwenye hadithi?"

"Hata kwenye hadithi."

Wakabishana mpaka Bibi akawatishia kuwafukuza uani. Suluhu ikatoka kwa Jirani, na ni suluhu ya Kitanga hasa: mpira wa ndani wa baiskeli. Unakata kipande cha shubiri mbili, unatia betri, unafunga huku na huku kwa uzi wa mshipi. Baba yake alikuwa anawekea hivyo kiberiti na tumbaku. Mkaguzi akasema neno halitoshi, lazima lijaribiwe, hawezi kuingiza kwenye hadithi kitu ambacho hakijajaribiwa. Kwa hiyo nikaenda kwa fundi baiskeli wa barabara ya pili, nikarudi na mpira mbovu, tukakata vipande viwili, betri moja kila kipande, Jirani akafunga mafundo. Tukajaza ndoo maji, chumvi kiganja kizima, tukavizamisha na jiwe juu. Mkaguzi akarekodi yote na kumtumia mama yake. Jibu lilikuja saa tano usiku, kwa kunong'ona, nyuma yake feni inalia: "Msinifungulie hiyo ndoo kabla sijapiga. Kesho Ijumaa, nitakuwa na nafasi saa tatu."

Ijumaa saa tatu asubuhi, wawili wana homa ya ghafla iliyowazuia kwenda shule, tulikuwa tumezunguka ndoo. Dada yangu yuko kwenye spika, Mama Jirani kasimama mlangoni na unga mikononi. Jirani akafungua kipande cha kwanza. Kavu kabisa, hata karatasi ya betri haijabadilika rangi. Akafungua cha pili. Kikatoa tone moja, likamdondokea kwenye kidole cha mguu.

"Limeingia!" akapiga kelele Mkaguzi kuelekea kwenye simu. "Mama, moja limeingia maji!"

"Upande gani?" ikauliza simu.

Jirani akaligeuza fundo mara mbili, akalisogeza karibu na jicho.

"Wa kushoto. Sikuvuta sana." Akanyoosha mkono. "Mjomba, nipe kipande kingine."